Mbwa Wetu Watasema

Semkiwa ndiye aliyempa jina.
Alitaka kila akimwita mbwa jioni
jirani wa ng'ambo ya ua wa mianzi ageuke.
"Watasema!" anaita, sufuria ya makombo mkononi,
"Watasema, njoo ule ushibe!"
Na kweli walisema.

Kwanza walisema anaona.
Mbwa hakodolei giza bure, walisema,
ana jicho ambalo sisi tulishonewa.
Akiinua pua juu ya ukungu
akavuta ule mlio mrefu, mwembamba,
unaoanzia tumboni na kuishia kwenye misonobari,
basi mahali fulani, kati ya hapa na Kibao,
kuna mtu anatandikiwa kitanda cha udongo.

Bwana mifugo alipopita na pikipiki yake kuchanja
nikamuuliza. Akafuta miwani.
Ni ukoo, akasema. Babu zao walitawanyika porini,
wakaitana hivyo: mimi niko huku, wewe uko wapi?
Akaniandikia dawa ya minyoo.

Mimi nikanyamaza. Nilikuwa na siri ndogo.
Miaka kumi na tisa nililinda kiwanda usiku,
na saa kumi na nusu alfajiri
mkono huu ndio uliovuta king'ora cha chai.
Wachumaji wakawasha moto, wakatafuta mabuti gizani,
na huko nyumbani, kilomita mbili mlimani,
Watasema, angali mdogo wa kulala ndani ya kofia,
akajifunza kuitikia.
Semkiwa alinicheka: "Ukivuta wewe, anaitika mbwa,
nachemsha maji mimi."

Kiwanda kikafungwa mwezi wa sita,
barafu imelala juu ya majani ya chai.
Wakang'oa mashine, wakaacha kufuli.
King'ora kikauzwa kwa kilo.
Lakini saa kumi na nusu mbwa akalia.
Hakujibiwa. Akalia tena.

Maneno yakaota miguu.
Mzee Luvanda alikufa Jumanne, na mbwa alikuwa amelia.
(Na Jumatatu alilia. Na Jumapili. Nani alihesabu?)
Wakaja watu watatu, wananuka ulanzi, na kamba.
"Kamwene," wakasema kwanza, kwa adabu,
halafu: "Mtoe huyu. Anatuita mmoja mmoja."
Semkiwa akatoka na mwiko wa ugali.
"Kama anajua nani anakufa, aniambie mimi lini,
maana daktari wa Mafinga amekataa kusema."

Hivyo ndivyo kijiji kilivyojua kuwa anaumwa.
Hivyo ndivyo na mimi nilivyojua.

Usiku wake ulipofika, mvua ilipiga bati mpaka hatusikilizani.
Nilikaa nimemshika mguu, maana baridi ilianzia huko,
nikisubiri saa kumi na nusu.
Mbwa alikuwa ameingia ndani, kitu asichoruhusiwa.
Hakulia.
Saa kumi na moja. Hakulia.
Nikainama chini ya kitanda: macho wazi,
kidevu juu ya kandambili za Semkiwa,
kama mtu aliyeitwa, akafika, akakuta mlango haujafungwa.

Siku ya kuanua matanga, jirani wa ng'ambo ya ua
alinijia na aibu yake na ndoo ya viazi.
"Siku tatu tunachelewa shamba," akasema.
"Mbona halii?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa na koo tu.
Alfajiri iliyofuata nikatoka na blanketi begani,
nikasimama kwenye ukungu, pale anaposimama yeye,
nikatazama upande wa kiwanda, upande usio na taa,
nikavuta.
Sauti ilikuwa mbovu, ya mzee, ikakatika katikati.
Watasema akaja akakaa juu ya mguu wangu.
Akaisikiliza mpaka ikaisha.
Halafu akainua pua.

Ng'ambo ya ua, mtu akapuliza moto.